Nyumba Yenye Magurudumu

Dominika ya 15 ya Mwaka B. Injili: Mk 6:7-13



Injili ya leo ni fupi, na yaliyo mafupi huwa tunayapita upesi, kama basi linavyopita kituo kisicho na abiria. Bwana wetu anawaita wale Thenashara, anawatuma wawili wawili, anawapa mamlaka juu ya pepo wachafu. Halafu, kabla hawajaondoka, anawapekua mizigo. Mkate, hapana. Mkoba, hapana. Fedha mshipini, hapana. Kanzu ya pili, hapana. Kinachobaki ni fimbo mkononi na viatu miguuni. Makatekista wetu, ambao huzisoma Injili kwa kuzilinganisha, watakumbuka kwamba katika Mathayo na Luka hata fimbo imekatazwa. Leo tusigombanie fimbo.

Mara nyingi sisi wahubiri hulichukua agizo hili kuwa ni fundisho juu ya ufukara, tukamaliza hapo. Tunasema mtume asipende mali. Ni kweli, lakini Bwana hakuishia hapo. Mara tu baada ya kuwapunguzia mizigo aliwaambia kwamba nyumba yoyote watakayoingia, wakae humo mpaka watakapoondoka mahali pale. Maagizo haya mawili hayaachani. Asiye na mkate hana budi kuingia katika nyumba ya mtu. Asiye na kanzu ya pili, usiku ukiwa wa baridi, hana budi kuomba blanketi. Bwana aliwapunguzia mizigo ili wabishe hodi. Angewaruhusu kubeba kila kitu, wangehubiri sokoni mchana, wangelala chini ya mti wao usiku, na kesho yake wangeondoka bila kulijua jina la mtu hata mmoja.

Basi tunapenda kuwasimulia habari za nyumba moja ambayo haikuwa na haja ya kubisha hodi popote. Tuliiona kwa macho yetu karibu na Lembeni, mwezi wa Novemba 2018, mvua za vuli zilipokuwa zikianza.

Wale waliosafiri kwa barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha wanapajua Lembeni, japo wengi wamepaona kwa dirisha la basi tu. Ukiisha kupita Same, Milima ya Upare ya Kaskazini inakuwa mkono wako wa kuume, na mkono wa kushoto nchi inatandazika tambarare, migunga na mibuyu, mpaka kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Reli ya kutoka Tanga, ile iliyofika Moshi mwaka 1911, inapita hapo hapo. Mbele kidogo unayakuta mashamba ya mkonge ya Kisangara, kisha Mwanga. Huko juu, Kilomeni, Usangi na Ugweno, kuna migomba, kahawa, chemchemi na zile ndiva ambazo wazee wa Kipare walizichimba kwa ajili ya kumwagilia mashamba. Huku chini ni jua na vumbi. Wakati ule mradi mkubwa wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, unaochukua maji katika Nyumba ya Mungu, ulikuwa haujakamilika. Ulizinduliwa Machi 2025. Kwa hiyo ndoo ya maji ilikuwa kitu cha kuhesabiwa.

Si mbali na barabara palikuwa na uwanja wa kupigia kambi, wa wasafiri wasiopenda kulala mjini. Ulikuwa na ua wa miiba, mbuyu mmoja, choo kimoja, bomba lililotoa maji siku lilipotaka, na kibanda cha mlinzi. Mlinzi wa usiku alikuwa katekista wa kigango chetu. Mchana alikuwa Mwalimu, usiku alikuwa na rungu na tochi. Sisi tulijua kwamba analinda, wala hatukupata kumwuliza kwa nini. Hilo tutalirudia.

Alhamisi moja, jua likielekea kuzama, likaja lori kubwa, ila halikuwa lori. Mahali pa bodi pamejengwa nyumba nzima, yenye madirisha, mapazia na ngazi inayokunjwa. Wenyewe walikuwa mume na mke, Wajerumani, watu wazima waliokwisha kustaafu, ambao walilisafirisha kwa meli hadi Mombasa na sasa walikuwa wakielekea kusini mwa Afrika pole pole. Ndani, kama Mwalimu alivyotusimulia baadaye, palikuwa na kitanda, jiko la gesi, friji, bafu, choo na tangi la maji lita 400. Juu ya paa paneli za sola. Uzito wake, mzee mwenyewe alisema, tani 12.

Ili kuingia langoni ilibidi tawi la mgunga likatwe, na hilo ndilo ombi pekee walilotoa siku hiyo. Kisha mzee akashuka na kipimo cha maji kama cha mafundi waashi, akalizunguka lori akipima, akaingiza vipande vya mbao chini ya gurudumu hili na lile, akapanda, akashuka, akapima tena. Mwalimu aliingiwa na wasiwasi. Katika sehemu zetu mtu akionekana anapima kitu shambani, kesi ya ardhi haiko mbali. Ilimchukua muda kuelewa kwamba hawapimi uwanja. Walikuwa wanaisawazisha nyumba, ili kitanda kisilale upande na maji yasikusanyike pembeni mwa sufuria.

Ndugu wasikilizaji, tunawaomba msiwacheke. Watu wale hawakuwa na baya lolote. Walilipa ada ya kambi bila kupunguza hata shilingi. Watoto walipokusanyika nje ya ua, walipungiwa mkono dirishani. Lakini siku mbili zilipita, nao walipika ndani, wakala ndani, wakaoga ndani, na jioni taa yao ikawaka kwa nguvu ya jua walilolikusanya wenyewe juu ya paa. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa hatua kama 100 kutoka pale. Mke wake aliweza kusikia vijiko vyao vikigongana. Hakujua majina yao, wala wao jina lake.

Walitamani sana kupanda Usangi waone msitu wa Kindoroko. Lakini barabara ya kupanda kule ina kona nyingi, na lori kama lile si la kupelekwa. Waliambiwa wachukue basi dogo, asubuhi waende, jioni warudi. Wakashauriana, wakauliza: Nani ataibakia nyumba? Basi wakakaa chini ya mbuyu wakiitazama milima kwa darubini. Nyumba iliyowafikisha kutoka Ulaya hadi Lembeni ikawa ndiyo iliyowazuia kipande cha mwisho.

Hapa tusimame kidogo, maana Kanisa lina neno juu ya jambo hili, nalo tunalitamka kila siku. Neno parokia lilitoka katika lugha ya Kigiriki. Paroikia ni hali ya mtu akaaye ugenini, asiye mwenyeji wa nchi anamoishi. Wakristo wa kwanza waliposema juu ya paroikia yao hawakuwa na maana ya eneo lenye mipaka, ofisi na mhuri. Walijitaja kuwa wapangaji wa dunia, kambi ya wasafiri. Kwa hiyo mtu akikuuliza wewe ni wa parokia gani, kwa asili ya neno anakuuliza: Umepiga kambi wapi? Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Kanisa ya mwaka 1964, ulirudia fundisho hilo hilo, kwamba Kanisa ni taifa lililo safarini.

Kuwa kambini, basi, si kosa. Ibrahimu alikaa katika mahema. Mtume Paulo alishona mahema kwa mikono yake. Na mwinjili Yohane, anapotueleza kwamba Neno alifanyika mwili akakaa kwetu, anatumia kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kupiga hema. Mwana wa Mungu alipiga kambi katikati yetu. Lakini tazameni alivyopiga! Alizaliwa mahali pa kuazima. Alikula kwa mama mkwe wa Petro, kwa Martha na Maria, kwa Zakayo ambaye hakuna mtu mwema aliyetaka kuonekana mezani pake. Pale kisimani Samaria, yeye aliyeziumba chemchemi alikosa hata kitu cha kutekea, akaomba maji kwa mwanamke wa kabila ambalo Wayahudi hawakuchangamana nalo. Angekuwa na tangi lake, yule mwanamke angeteka maji yake na kwenda zake.

Wahenga wetu wa Kiswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hudhani ni neno la uchoyo. Kuna kitabu cha kale cha Wakristo kiitwacho Didake, yaani Mafundisho ya Mitume, ambacho wataalamu wengi hukiweka mwishoni mwa karne ya kwanza au mwanzoni mwa karne ya pili. Kilipotea kwa muda mrefu, mpaka askofu mkuu mmoja wa Kigiriki, Bryennios, alipokikuta Konstantinopoli mwaka 1873, akakichapisha miaka kumi baadaye. Kitabu hicho kinaagiza kwamba mtume apitaye apokewe kama Bwana mwenyewe. Akae siku moja, ikibidi na ya pili. Akikaa ya tatu, ni nabii wa uongo. Na mgeni wa kawaida akitaka kufanya makao, apewe kazi. Siku mbili, na ya tatu jembe! Wakristo wa Siria na wazee wa pwani yetu hawakupata kuonana, lakini wote walijua kwamba mgeni hupewa jembe pale anapoanza kuhesabiwa kuwa mtu wa nyumbani. Asiyepewa kamwe jembe bado ni wa nje.

Wale wageni wetu wa Lembeni walilipata jembe lao siku ya tatu.

Usiku wa Jumamosi mvua kubwa ilinyesha milimani. Sisi tunaoishi chini ya milima tunajua kwamba mvua ya juu ni mafuriko ya chini. Korongo lililo nyuma ya kambi lilijaa, maji yakapita katikati ya uwanja, na alfajiri, wageni walipotaka kuondoka, magurudumu ya nyuma yakazama. Kila mzee alipokanyaga mafuta, lori lilizama zaidi, mpaka bodi ikalala upande. Kile kipimo cha maji hakikuwa na kazi tena.

Asubuhi hiyo sisi tulikuwa na Misa kigangoni saa mbili. Tulifika tukakuta kanisa limefungwa. Hapana katekista, hapana kwaya, bibi mmoja tu ameketi kizingitini na rozari yake. Tulikasirika. Padre aliyesafiri kilomita nyingi kwenye tope, mwenye Misa nyingine mbili mbele yake, akakuta mlango umefungwa, hasira yake hujiita bidii ya kitume. Bibi akatuonyesha kidole upande wa kambi. Tukageuza gari.

Tulipofika tuliona msaragambo. Wale wasio wa Upare wajue kwamba msaragambo ni kazi ya pamoja: pembe ikilia au mtu akiitwa, kila nyumba hutoa mikono, iwe ni kuchimba mfereji au kufungua barabara, wala haulizwi mtu malipo. Kigango kizima kilikuwa pale na nguo za Misa zimepandishwa magotini. Wanaume na majembe, vijana wakibeba mawe, akina mama wakikata matawi ya kutandika chini ya magurudumu. Katikati yao yule mzee wa Kijerumani, tope hadi mapajani, ameshika jembe la kuazima na analilima vibaya sana. Watu walimcheka, akacheka naye. Mke wake alikuwa amekaa juu ya jiwe pamoja na mke wa Mwalimu, kila mmoja akisema lugha yake.

Na sisi? Tunaona haya kusema, lakini homilia isiyomgusa anayeihubiri ni tangazo tu. Sisi tulibaki ndani ya gari. Dereva wetu alishuka mara moja, akavua viatu, akachukua sepetu. Sisi tulikuwa na kanzu nyeupe, na Misa tatu, na umri. Tulipandisha kioo kwa sababu ya matone ya tope. Tukafungua kisanduku chetu, maana tulikuwa na kisanduku cha safari tusichokiacha kamwe: maji ya chupa, chupa ya chai, mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi. Tukawa tunakunywa maji yetu na kutazama saa.

Mwalimu alikuja kutuomba radhi. Aligonga kioo kwa kifundo cha kidole, kwa adabu, maana mikono ilikuwa michafu. Tukashusha kioo. Akasema, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba. Utusamehe, Misa itachelewa." Macho yake yakaangukia kisanduku kilichokuwa magotini petu, kisha yakageuka kwenye lori lililozama, yakarudi kwetu. Akatabasamu kidogo, akasema polepole, "Baba, leo zile nyumba mbili zimekutana."

Tulicheka. Mwalimu ni mcheshi. Lakini njiani, kurudi nyumbani, kicheko kilikuwa kimekwisha.

Kwanza tumalize habari za lori. Lilitoka saa nne. Mke wa Mwalimu alileta makande katika sufuria kubwa, na wote wakala kwa sinia wakiwa wamechuchumaa, wageni pia. Vijana wawili walidai wapewe ujira kwa kuwa wenye lori wanazo fedha, na mzee mmoja akawakemea kwamba msaragambo hauuzwi. Mmoja alinyamaza. Wa pili, ambaye aliacha pikipiki yake ya abiria tangu alfajiri, alishikilia neno lake, akalipwa. Sisi hatumlaumu, Bwana mwenyewe alisema mtenda kazi astahili ujira wake. Kabla ya kuondoka yule mama wa Kijerumani alimwuliza mke wa Mwalimu jina lake, akaliandika katika daftari. Halafu wakapanda ile ngazi, wakaikunja, wakaenda. Misa ilianza saa tano, na sadaka ya siku ile ilikuwa na harufu ya udongo.

Sasa turudi kwenye nyumba ya pili, ile yetu.

Tulihudumia kigango kile miaka saba. Kila tulipokwenda, baada ya Misa Mwalimu alisema, "Karibu nyumbani, Baba, upate japo chai." Nasi kila mara tulijibu kwamba tunawahi kigango kingine, siku nyingine, Mungu akipenda. Nayo haikuwa uongo. Parokia ilikuwa kubwa na mapadre wawili. Wale mlio mapadre mnaotusikiliza mnaelewa. Tena tumbo letu si la ujana, na daktari alitukataza maji yasiyochemshwa. Lakini ukweli ni kwamba kisanduku ndicho kilichotupa ruhusa ya kukataa. Mwenye njaa hasemi siku nyingine.

Baada ya lile neno la kambini tuliamua kwamba safari ijayo tungekula kwa Mwalimu. Hatukumwarifu; tulidhani ni heshima kuja kwa ghafla, kama Bwana kwa Zakayo. Baada ya Misa tukamwambia, "Mwalimu, leo tunakwenda kwako." Akanyamaza. Mke wake akainamisha macho. Tukafika, tukabisha hodi, tukakaribishwa kwa furaha na kwa fadhaa, na hapakuwa na chakula.

Mama yule alituambia bila kinyongo. Miaka ya mwanzo, kila padre alipokuja, alipika. Aliazima kiti chenye mgongo kwa jirani, na kitambaa cha meza, na pale ilipowezekana alichinja kuku. Kisha watoto walikila kile chakula jioni, wakafurahi. Mwaka wa tatu akaacha kuku. Wa nne akaacha kuazima kiti. Mwishowe akaacha kabisa. "Tulizoea, Baba," alisema.

Akabandika makande. Kila mtu wa Same na Mwanga anajua kwamba mahindi makavu na maharage hayana haraka na mtu. Tulikaa saa mbili na zaidi kwenye kigoda, kisanduku tumekiacha kwenye gari na gari tumelipeleka na dereva kumchukua mgonjwa. Tulikuwa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, watu wasio na mkate wala mkoba. Na katika saa mbili hizo, mtu hawezi kusali Masifu tu, huzungumza.

Ndipo tulipojua kwa nini Mwalimu analinda kambi usiku. Posho yake ya ukatekista, ambayo parokia iliahidi kuilipa kila mwezi, ilikuwa haijamfikia kwa miezi 14. Haikuwa nyingi. Ilipunguzwa kwanza kwa ajili ya ukarabati wa nyumba ya mapadre, kwa miezi michache, kisha watu wakasahau kuirudisha, na mwenye sahihi ya mwisho katika hesabu hizo ni sisi. Alitusimulia kwa kuwa tuliuliza, na tuliuliza kwa kuwa tulikuwa tumekaa. Alisema pia kwamba binti yao wa pili aliacha shule ya sekondari muhula uliopita, na kwamba yeye alikuwa akifundisha mafundisho ya Komunyo ya Kwanza mchana huku usingizi umemkaba, na kwamba siku nyingine alisinzia mbele ya watoto, wakamwonea huruma wakaondoka kimya kimya mmoja mmoja. Hayo ya watoto aliyasema akicheka.

Tulikuwa tumempa mkono mtu yule mlangoni mwa kanisa kila tulipofika, miaka saba.

Tunajua yatakayosemwa. Mnasema padre akila kila nyumba hatafika kigango cha tatu. Ni kweli. Mnasema wengine wana ugonjwa wa sukari, wengine vidonda vya tumbo; Bwana hakutuma mtu akafe kwa kipindupindu, na maji huchemshwa. Mnasema kwamba zamani hata wamisionari walisafiri na mizigo mingi, na hilo nalo ni kweli. Askofu de Courmont na mapadre Le Roy na Gommenginger, wa Shirika la Roho Mtakatifu, walipofika Kilimanjaro kutoka pwani mwaka 1890, walikuja na wapagazi na mahema. Lakini msafara wa wapagazi hauwezi kubeba chakula cha safari nzima. Kila kambi ilibidi kununua mahindi, ndizi na mbuzi kwa wenyeji, na kuomba njia ya kwenda majini. Njaa ya wapagazi iliwalazimisha wakubwa wao kusalimiana na watu. Gari letu la siku hizi, lenye tangi la pili la dizeli na kisanduku nyuma ya kiti, halina njaa hiyo.

Nanyi walei, msiuelekeze ujumbe huu kwa mapadre peke yetu mkalala usingizi mtamu. Jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizichagua katika miaka ya 1970 ziwe njia ya kuliishi Kanisa, husali majumbani kwa zamu. Tunaowajua ni wengi ambao zamu yao ikifika husafiri ghafla, kwa sababu nyumba haina viti vya kutosha. Na wengine, wenye uwezo, hukubali jumuiya isalie uani chini ya turubai la kukodi, kwa viti vya kukodi na soda za kreti, mlango wa nyumba umefungwa. Na kuna familia zilizohama kutoka milimani kwenda Dar es Salaam au Arusha, ambazo zikirudi Krismasi hushusha kutoka kwenye gari maji yao, mchele wao, magodoro yao, hata mkaa wao, na bibi aliyewangoja mwaka mzima na mkungu wa ndizi ulioivia ndani anaambiwa, "Usijisumbue, bibi, tumekuja na kila kitu." Wanadhani wamempunguzia mzigo.

Siku ile makande yaliiva saa tisa. Yalipakuliwa kwenye sinia moja, wala hawakuazima kiti. Binti aliyeacha shule ndiye aliyetunawisha mikono. Tulikula, tukaongezwa, tukala tena. Yalikuwa na tui la nazi, ambalo hatujui mama yule alilipata wapi kwa muda ule, na hatukuthubutu kuuliza. Gari lilirudi, dereva akapakuliwa naye. Kigango cha tatu tulikifikia usiku, watu wameketi wakisubiri na taa ya kandili, nao walitukasirikia kwa haki.

Halmashauri ya parokia ilikutana wiki iliyofuata. Binti yule alirudi shuleni Januari. Posho ya Mwalimu ililipwa mwezi ule, na miezi iliyofuata ililipwa kwa wakati mpaka tulipohamishwa. Ile ya miezi 14 tulianza kuirudisha kidogo kidogo kutoka mfuko wetu, nayo haijaisha. Imebaki ya miezi mitatu.